Mdhamini wa Usingizi

Pale Kituo cha Dharura cha Kilele watu hawakuulizana habari za asubuhi. Waliulizana, "Mdhamini wako hajambo?" Na jibu lilikuwa hilohilo kila siku, "Hajambo, amelala." Ukijibu vingine, wenzako waliacha walichokuwa wakifanya na kukutazama.

Subilaga Mwakalinga alijibu hivyo siku hiyo pia, huku anavua sweta na kuvaa koti la kazi lenye mistari inayong'aa. Nje ukungu wa Mbeya ulikuwa haujanyanyuka, na magari mawili ya wagonjwa yalikuwa yanapashwa moto uani. Alikuwa na miaka thelathini na minane na uso wa mtu aliyetoka kulala vizuri. Wote pale walikuwa na uso huo. Macho meupe, mikono haitetemeki, hakuna anayepiga miayo. Ungewakuta ungesema hawa wametoka likizo, kumbe Subilaga alikuwa na miaka mitatu hajapata hata lepe la usingizi.

Mume wake, Ambele, ndiye aliyekuwa akilala kwa niaba yake. Mke alivaa bangili nyeusi mkono wa kushoto, mume akavaa pacha wake kule nyumbani Isanga, chini ya mablanketi. Ofisi ilimwita Ambele mdhamini wa usingizi, na jina likashika.

"Dada Suba!" Huyo alikuwa Mzee Gwamaka, dereva wake, ameshaweka mguu ndani ya gari. "Tumeitwa. Kuna mwalimu mstaafu kabanwa na pumu, kule juu kwenye mashamba ya viazi. Twende mama, twende!"

Subilaga akakimbia, akarukia nyuma, mlango ukafungwa. Sheria ya kituo ilikuwa kwamba anayeingia zamu afungue mtungi wa oksijeni mwenyewe, aone mshale kwa macho yake. Alinyoosha mkono afanye hivyo, kisha akakumbuka. Si Mzee Gwamaka alimwambia? Alisimama mlangoni, akafuta mikono, akasema mtungi ameshaubadilisha, ni mpya kabisa. Basi akauacha. Akajishikilia kwenye bomba la juu, gari likatoka kwa king'ora.

Mwalimu Sekela walimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilishaanza kuwa ya kijivu. Mumewe, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, alikuwa amemshikia kikombe cha maji.

"Pole mwalimu. Usiongee, nitikisie kichwa tu," Subilaga akasema. "Nakuwekea hewa sasa hivi, utaona nafuu." Akamvalisha barakoa, akafungua mtungi, akatega sikio asikie ule mlio wa hewa inayotoka. Hakusikia kitu. Akatazama mshale. Ulikuwa kwenye sifuri.

Loo! Mtu ukiwa na kazi ya namna hii, kuna aina ya ubaridi unaokupanda kutoka miguuni. Lakini mikono yake iliendelea. Akampulizia dawa, akampulizia tena, na mwalimu alipoanza kulegea akachukua ule mpira wa kubana kwa mkono, akaanza kumsukumia hewa ya kawaida, ile ile ya chumbani yenye moshi wa jikoni. Wakambeba hivyohivyo. Njia nzima ya kushuka mjini alibana, akaachia, akabana, mpaka vidole vikafa ganzi, na mzee mwenye kofia ameketi pembeni anasema, "Sekela, Sekela," bila kuongeza neno.

"Mzee!" Subilaga alipiga kelele kupitia kidirisha cha dereva. "Si uliniambia umebadilisha mtungi?"

"Mimi? Nilikuambia lini? Mimi nimeingia sasa hivi, hata chai sijanywa!"

"Ulisimama mlangoni, ukafuta mikono kwenye aproni..."

Mzee Gwamaka hajawahi kuvaa aproni katika maisha yake. Subilaga akalirudia tukio lile kichwani, na lilikuwa wazi kabisa kama jambo la asubuhi ile. Gwamaka kasimama, suruali imejaa maranda ya mbao, nyuma yake kuna kabati la mninga lisilo na milango. Kabati hilo alilijua. Lilikuwa kwenye karakana ya useremala ya Ambele, limekaa miaka mitatu halijamalizwa.

Ilikuwa ni ndoto. Wala haikuwa ndoto yake.

*

Mwalimu Sekela alifika hospitali anapumua. Ila alipofumbua macho, mumewe alimshika mkono akamwita, naye akamtazama kwa adabu tu, namna unavyomtazama mtu mliyekaa naye foleni. Daktari wa zamu alisema ubongo umekosa hewa kidogo, wasubiri, huenda atarudi. Yule mzee akakubali kusubiri. Akakunja kofia yake, akaiweka magotini.

Subilaga hakuweza kumtazama. Alirudi kituoni, akapita moja kwa moja hadi ofisi ya mkuu wa kituo, Daktari Tulinagwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Alikuwa na birika la kahawa mezani. Subilaga aliliona birika lile, lakini hakulitilia maanani wakati huo. Akaeleza yote, bila kuficha, akamaliza kwa kusema, "Nimemdhuru mtu kwa sababu nimekumbuka ndoto ya mume wangu. Niambie kama hilo linawezekana, au mimi nimerukwa na akili."

"Keti, Suba."

"Nimekaa sana kwenye gari. Niambie tu, Daktari."

"Linawezekana," Daktari Tulinagwe akasema. "Ndoto zinavuja. Si kwa wote, ila baada ya mwaka wa pili zinaanza. Tunajua."

Inabidi kurudi nyuma kidogo hapa. Zamani, kabla ya bangili, kazi hii iliwamaliza wanaoifanya, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Wiki hii unakesha, wiki ijayo unaingia asubuhi, mwili unachanganyikiwa. Ubongo una saa yake, na saa hiyo inafuata jua, haitambui ratiba ya ofisi. Presha inapanda, sukari inavurugika, tumbo halitulii, moyo unachoka kabla ya umri. Dereva aliyeokoa watu usiku kucha anasinzia kwenye usukani akirudi kwake, anaishia mtaroni. Ndipo wataalamu wakaja na habari yao kwamba watu waliozoea kulala chumba kimoja kwa miaka miili yao hushika mwendo mmoja, na kwamba kwa bangili mbili usingizi wa mmoja unaweza kuusafisha ubongo wa mwingine. Kwenye semina walieleza kirahisi. Walisema ni kufua nguo za watu wawili kwenye beseni moja. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na chakula cha mchana siku hiyo kilikuwa kuku. Hakuna aliyeuliza maji machafu yanamwagwa wapi.

Subilaga aliuliza sasa, kwa kuchelewa miaka mitatu.

"Kama ndoto zake zinakuja kwangu, kwake kunakwenda nini?"

Daktari Tulinagwe alimimina kahawa, kinywaji ambacho mwenye bangili hakihitaji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Pale palipokuwa na bangili palibaki alama nyeupe kwenye ngozi.

"Mimi mdhamini wangu alikuwa mdogo wangu, Anyesi," akasema. "Ulimwona siku ya sherehe ya kituo, yule aliyekuwa anacheka sana. Alifariki mwezi wa tano. Kiharusi, akiwa usingizini. Nilimpima mwenyewe baada ya... baada. Nikatazama mishipa yake. Suba, ilikuwa ni mishipa ya mtu aliyekesha kazini miaka kumi. Yangu mimi ni ya binti wa miaka ishirini. Hakuna kilichofutika. Kimehamishwa tu."

"Na umenyamaza."

"Nimenyamaza."

"Tangu mwezi wa tano! Unaingia hapa kila siku, unatuuliza wadhamini wetu hawajambo, tunakujibu, unanyamaza!"

"Nikisema, bangili zitavuliwa siku hiyohiyo," Daktari akajibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ukivua, usingizi wako wote unarudi. Mimi nililala wiki tatu, mkadhani niko matangani. Utalala wiki kadhaa mfululizo, na bangili haiungwi mara ya pili. Kituo hiki kina wahudumu wanne. Mkilala wanne, bonde zima hili, kutoka huku mpaka Chunya, mtu akibanwa na kifua nani anakwenda? Leo umemsukumia pumzi mwalimu njia nzima, kafika. Bila wewe angekufa kitandani kwake. Niambie wewe ungefanya nini. Sikutanii, nataka kujua."

Subilaga akageuka, akashika kitasa cha mlango.

"Wanakuja wahudumu wapya kutoka chuo," Daktari akaongeza. "Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili ndizo mlizoniomba nilipovaa hii," Subilaga akasema, akatoka.

*

Nyumba ya Isanga ilikuwa kimya, kama kawaida. Ukitaka kuujua upweke, usiende jangwani. Kaa nyumbani na mtu unayempenda ambaye amelala. Bangili ilitaka mdhamini awe usingizini muda wote mwenzake akiwa zamu. Akiamka, uchovu unamrudia mhudumu papo hapo. Kisha zamu ikiisha, mdhamini bado anadaiwa usingizi wake mwenyewe. Basi Subilaga alirudi, Ambele amelala. Alipika, Ambele amelala. Alifua, alipanga vyombo, alimsimulia habari za kazini akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, na akicheka peke yake aliziba mdomo kwa mkono, sijui alikuwa anamwogopa nani. Usiku alipanda kitandani akajilaza kando yake, macho wazi, anasikiliza anavyokoroma. Alikuwa mpweke sana. Hakumwambia mtu, maana kila mtu wa kituo alikuwa vilevile, na mtu hulalamika kwa asiyejua.

Walikuwa na saa moja. Alasiri, kati ya usingizi mmoja na mwingine, Ambele aliamka, akaoga, akala, wakaongea. Wanakituo waliiita makabidhiano, na ole wako umpigie simu mtu akiwa kwenye makabidhiano yake.

Siku hiyo hakusubiri aamke. Alichukua kipimo cha presha kwenye begi la kazi, akakunja mkono wa pajama ya mumewe taratibu, akaufunga. Mkono ulikuwa umekonda. Miaka mitatu iliyopita mkono ule ulikuwa unabeba gogo la mkangazi bila kuomba msaada. Akasubiri namba zitokee. Zilipotokea akazima, akapima tena, akijiambia betri imeisha. Zikatoka zilezile. Kwa namba zile angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, Subilaga angempigia Gwamaka kelele aongeze mwendo.

Akaketi chini sakafuni. Akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Ambele akafumbua macho. "Mbona uko huko chini?" akauliza kwa sauti ya usingizi. Kisha akauona mkono wake umefungwa kipimo, akatulia. "Aah. Umepima."

"Ulikuwa unajua."

"Kichwa kinauma kidogo nikiamka."

"Kidogo?"

"Mara nyingine damu inatoka puani. Si kila siku."

"Ambele! Mimi ni mhudumu wa dharura! Nalala kando yako, yaani, nakaa kando yako, napita mji mzima natafuta watu wenye ugonjwa huohuo, na wewe unaniambia damu inatoka puani, si kila siku?"

Ambele alijiinua, akaegemea ukuta. Alikuwa na hofu ya mtoto aliyekamatwa, na pia alikuwa na tabasamu, na Subilaga alitaka kumpiga kwa ajili ya hilo tabasamu.

"Suba, tuna saa moja," akasema. "Kwa siku nzima, saa moja. Niitumie kukuambia kichwa kinaniuma? Ungeanza kunipima, kunipa vidonge, kugombana na ofisi, saa imeisha. Mimi nilitaka unisimulie yule mama aliyejifungulia ndani ya gari. Nilitaka tunywe chai."

Subilaga akamfungua kipimo mkononi. Akamweleza yote, mtungi, Mwalimu Sekela, Gwamaka mwenye aproni, Anyesi wa Daktari. Kusikia habari ya aproni Ambele alicheka, akashika kichwa kwa maumivu, akacheka tena. "Nilimwota, kweli," akasema. "Nilimwota ananisaidia kupaka vanishi. Nikawa namwambia, mzee, unaharibu." Kisha akakumbuka yule mwalimu, kicheko kikaisha.

"Nakata bangili," Subilaga akasema.

"Usikate."

"Utakufa, Ambele. Si maneno ya kuogopeshana. Zamu moja nyingine, au kumi, sijui, lakini utakufa hapa kitandani na mimi nitakuwa barabarani na afya yako mwilini mwangu."

"Na ukikata?" Ambele akamshika kidole, kimoja tu, kama alivyozoea. "Mama yangu yuko kule juu peke yake. Akianguka, nani anakwenda kumchukua? Mama wa mtu mwingine akianguka? Mimi nilikubali kwa akili zangu. Hakuna aliyenilazimisha. Kabati naweza kutengeneza baadaye, au asitengeneze mtu. Kuna kabati lililowahi kumwokoa mtu?"

"Usinifanyie hesabu hizo."

"Sasa tufanye zipi?"

Subilaga akaenda jikoni. Alichemsha chai, akaleta viazi vya jana alivyovipasha. Wakala wakiwa wameketi kitandani, magoti yamegusana, na kwa muda mfupi ilikuwa saa yao kama saa nyingine zote, nzuri, ya kuchekesha. Ambele alisema jirani kanunua jogoo asiyejua asubuhi ni lini. Subilaga akasema ampeleke kituoni aandikishwe. Vidonge vya presha alimpa, akavimeza mbele yake bila ubishi.

Simu ya kazi ikalia.

"Dada Suba, nisamehe, najua uko kwenye makabidhiano." Mzee Gwamaka alikuwa anahema. "Lori la viazi limekatika breki pale mteremkoni, limebana gari dogo. Kuna watu ndani. Gari la pili liko Chunya na wenzako, halirudi leo. Tuko mimi na wewe tu. Nikupitie?"

Subilaga aliinua macho. Ambele alishaweka kikombe chini. Hakuuliza kitu, hakusubiri kuambiwa. Alifuta midomo, akanyoosha shuka, akajilaza, akavuta blanketi mpaka kidevuni, akafumba macho apate usingizi haraka ili mke wake afike kazini akiwa hana uchovu. Alifanya hivyo kwa mazoea, vizuri kabisa, kama mtu anayefunga duka lake. Mshipa wa shingoni mwake ulikuwa unaruka.

Mkasi wa kukatia nguo za majeruhi ulikuwa kwenye mfuko wa koti. Subilaga aliutoa, akaupitisha chini ya bangili yake, akakata. Ililia mara moja ikazima. Ya Ambele nayo ikazima.

"Dada Suba? Nikupitie?"

"Siji, Mzee," akasema. "Nimekata bangili."

Ambele akaketi ghafla. "Suba! Umefanya nini? Na wale watu?"

Alimwinulia mkono anyamaze. Kwenye simu injini ya Mzee Gwamaka ilikuwa inaunguruma. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi ni dereva, mama. Nitawafanyia nini wale?"

"Nitakuambia. Nina muda kidogo kabla usingizi haujanishika. Endesha, usikate simu. Mteremkoni ni karibu na wewe, utafika. Barakoa ziko droo ya juu, bandeji droo ya pili, usihangaike na ya tatu."

Gwamaka aliendesha. Subilaga alisikia king'ora kwenye simu, kisha akakisikia kwa masikio yake kikipita barabara ya juu, na miguu yake ikasimama yenyewe imfuate. Lakini usingizi ulikuwa unakuja. Kwanza mikono ikawa mizito, kisha kope, kisha chumba kikaanza kusogea mbali naye. Alikuwa amesahau kabisa usingizi ulivyo. Ambele alimshika mabega, akamkalisha, akaishika simu karibu na mdomo wake.

"Nimefika," Gwamaka akasema. "Ee Mungu wangu. Nimefika."

"Wangapi?"

"Watatu. Dereva wa lori anatembea. Kwenye gari dogo, mwanamume anapiga kelele, mguu umebanwa, damu nyingi. Na msichana. Msichana amenyamaza."

"Anayepiga kelele anapumua. Mfunge... funga juu ya jeraha, kaza, kaza mpaka akutukane." Ulimi ulikuwa haumtii. Alijichoma mkononi kwa ncha ya mkasi, akaamka kidogo. "Dereva wa lori ashike hapo. Wewe uende kwa aliyenyamaza."

"Suba, unatokwa damu," Ambele akasema.

"Niache. Niamshe. Nipige."

Ambele hakuwahi kumpiga katika maisha yao. Alimmwagia chai iliyobaki usoni, akamtikisa, akawa anamwita jina lake lote, na Subilaga akarudi kutoka mbali, akasikia simu.

"Nimemfunga yule. Ameshanitukana." Gwamaka alikuwa analia na kufanya kazi kwa pamoja. "Sasa niko na huyu binti. Ana moyo, nausikia kwa kidole. Kifua hakipandi. Kichwa kimeinamia mbele, hivi. Nimfanye nini, mama? Mdogo sana huyu. Nimfanye nini?"

Jibu lilikuwa fupi. Alikuwa amelitoa mara elfu, lilikuwa neno la siku ya kwanza ya mafunzo. Aliliona kabisa mbele yake, mikono miwili, kidevu, shingo. Akafungua mdomo.

"Suba!" Ambele alikuwa anamtikisa kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu aliyelala miaka mitatu. "Suba, anakuuliza! Mjibu! Anakuuliza afanye nini!"

Subilaga alilijua jibu. Usingizi ukamchukua nalo.